Soma Ngozi ya Jani Kabla ya Kushika Bomba

Nondo jike wa kabichi, yule mdogo wa kijivu mwenye mchoro wa almasi mgongoni, hutua kwenye jani jua likizama. Hatagi papo hapo. Hutembea kwanza, akiligusa jani kwa miguu na vipapasio, kwa kuwa huko ndiko zilipo ala zake za kuonja na kunusa. Kwa hatua chache ameshajua kama mmea huo ni wa jamii ya kabichi na kama panafaa kuacha mayai. Asiporidhika, huruka akajaribu jani jingine. Uamuzi huo wote hufanyika juu ya ngozi ya jani, kabla kiwavi hata mmoja hajazaliwa.

Wakulima wengi tunaanza vita kwa kuchelewa. Tunasubiri matundu yaonekane, kisha tunakwenda duka la pembejeo kuuliza dawa kali kuliko ya msimu uliopita. Ningependa tuanze mapema zaidi, pale nondo anapoanzia. Ngozi ya jani unaweza kuichagua unaponunua mbegu, unaweza kuikomaza kitaluni, na unaweza kuiharibu kwa bomba moja lililochanganywa vibaya. Ila jambo moja lieleweke tangu mwanzo: hakuna ngozi inayomfukuza kila mdudu. Ile inayomkera huyu humfaa yule. Kwa hiyo kabla hujauliza mbegu ipi inastahimili wadudu, jiulize ni mdudu gani hasa anayekutia hasara shambani kwako, kisha ujue anachukia ngozi ya namna gani.

Kilichoko juu ya jani

Kila jani limefunikwa utando mwembamba, mara nyingi usiofikia unene wa sehemu moja ya mia ya milimita. Umejengwa kwa dutu iitwayo kutini, iliyoloweshwa nta, na kazi yake kubwa ni kuzuia maji yasitoroke. Mimea mingine, kama kabichi, sukuma wiki, vitunguu na mtama, huongeza nta ya ziada juu ya utando huo, nayo huonekana kama unga wa kijivu au wa samawati unaofutika kwa kidole. Mingine huota vinyweleo. Vinyweleo vikavu humzuia mdudu asifikishe mdomo kwenye jani. Vile vyenye kitezi kichwani hubeba mafuta yenye harufu, gundi, au asidi.

Mdudu mdogo hukutana na vitu hivi vyote kwa pamoja. Kiwavi aliyetoka kwenye yai leo ana urefu wa milimita moja au mbili, na safari ya sentimita chache kutafuta mahali pa kutoboa inaweza kumwua kwa njaa na kukauka. Ndiyo maana tofauti ndogo ya nta au vinyweleo, ambayo ng'ombe wala mbuzi hawaihisi, kwake ni suala la uhai. Watafiti Elizabeth Bernays, Reginald Chapman na Susan Woodhead walilifuatilia jambo hili kwenye mtama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walitazama viwavi wachanga wa bungua, mdudu anayetoboa mashina, wakipanda shina kuelekea kwenye moyo wa mmea, na wakaona kwamba uso wa mmea wenyewe una sehemu katika kuamua wangapi wanafika.

Jinsi ya kuisoma ngozi

Vifaa ni maji, kidole, pua, na kioo kidogo cha kukuza mara 10. Nenda asubuhi umande ukishakauka, jua likiwa bado halijawa kali, na uchague mimea ambayo haijapuliziwa chochote kwa siku kadhaa.

Anza na tone la maji. Lidondoshe juu ya jani lililolala. Likijikusanya duara na kubingirika hadi kuanguka, nta ni nyingi na haijaguswa. Likitandaa na kulowesha, nta ni chache, au imefutwa. Fanya hivyo kwenye jani changa la juu, la katikati na la chini, kwa sababu jani lililozeeka, lililopigwa na mvua, vumbi na mikono, huwa limepoteza sehemu ya unga wake. Kisha pitisha kidole gumba: kwenye kabichi yenye nta kitaacha njia ya kijani iliyokolea inayong'aa.

Kwenye nyanya, shika shina la juu na ulipapase taratibu. Doa la manjano ya kijani kwenye vidole, na ile harufu isiyotoka hata ukinawa, hutoka kwenye vinyweleo vyenye vitezi. Vichwa vyake vimepasukia mkononi mwako kama vinavyopasukia miguuni mwa kidukari. Linganisha mbegu mbili zilizo jirani. Utashangaa jinsi zinavyotofautiana.

Halafu geuza jani. Wengi hawageuzi, na hilo ni kosa kubwa, maana inzi weupe, vidukari na utitiri hukaa upande wa chini, na mara nyingi vinyweleo vingi huwa huko pia. Kwa kioo, tazama kama vinyweleo vimesimama au vimelala, na kama vichwani mwake mna matone yanayometa. Usilionje jani la shamba linalopuliziwa dawa, hata ukiambiwa wazee walifanya hivyo.

Andika unachokiona, pamoja na idadi ya wadudu kwenye majani hayohayo. Daftari la namna hii likijazwa kila wiki litakufundisha shamba lako kuliko maelezo ya nyuma ya pakiti.

Kabichi na sukuma wiki

Nondo mgongo-almasi amewahangaisha wakulima duniani kote. Mwaka 1953 tayari alikuwa ameizoea dawa ya DDT huko Java, Indonesia. Mwaka 1990 wataalamu wa Hawaii waliripoti kwamba ameanza kuvumilia hata Bt, dawa ya bakteria iliyodhaniwa kuwa ni vigumu kwa mdudu kuizoea mashambani. Mdudu wa aina hii hufanya kila dawa mpya iwe ya muda tu, na mkulima wa mboga anahitaji msaada mwingine usiotoka chupani.

Kinachomvuta ni kemikali za jamii ya haradali, ziitwazo glukosinolati, zile zinazoipa haradali ukali wake. Nondo jike akizihisi kwenye uso wa jani pamoja na nta ya mmea huo, hutaga. Hapa kuna habari ya kuvutia. Katika kituo cha utafiti cha Geneva, jimbo la New York, wazalishaji wa mbegu walichunguza koliflawa moja yenye asili ya Australia iliyokuwa na majani ya kijani kilichokolea, yanayong'aa, bila ule unga wa kijivu. Viwavi wachanga walipowekwa juu ya majani hayo walitembea ovyo, wakashindwa kutulia na kula, na wengi wakafa. Faida ya pili ilikuwa kubwa vilevile: mbawakawa wenye madoadoa na wadudu wengine wanaowinda viwavi walishika vizuri zaidi kwenye jani lisilo na unga, wakatembea kwa kasi, wakakamata windo zaidi. Nta inayojikoboa chini ya miguu humsumbua mwindaji kuliko anayewindwa.

Vidukari wa kabichi, wale wa kijivu wanaojifunika unga wao wenyewe, nao hupungua kwenye jani linalong'aa. Lakini usikimbilie kung'oa kabichi zako zote. Majani hayo yanayong'aa hushambuliwa zaidi na mbawakawa wadogo weusi warukao, wanaotoboa miche ikiwa bado na majani mawili au matatu. Tena nta ni kinga ya kiangazi. Kama wewe uko sehemu kame na adui yako mkubwa ni hao mbawakawa wa miche, jani la kijivu linaweza kuwa rafiki yako.

Mbegu za kabichi zinazouzwa katika maduka yetu nyingi ni za jani lenye nta, kwa hiyo nafasi ya kuchagua iko zaidi kwenye sukuma wiki, hasa zile zinazopandwa kwa machipukizi na kukaa shambani zaidi ya mwaka. Pita mistari yako. Kati ya mimea ya rangi ya samawati unaweza kukuta mmoja wa kijani kinachong'aa. Hesabu matundu na viwavi juu yake, kisha kwenye mimea mitano iliyo jirani yake. Rudia wiki zinazofuata. Ukiona una nafuu ya kweli, ufunge kamba, ukate machipukizi yake na kuyapanda mstari mmoja mzima. Kwa kuwa ni chipukizi na si mbegu, tabia ya mama haipotei. Nionavyo mimi, hii ndiyo mbinu rahisi kuliko zote katika makala haya, na haigharimu hata shilingi.

Usiwasahau nyigu. Mwaka 2002, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe cha Nairobi kilimwachia katika milima ya Taita nyigu mdogo aitwaye Diadegma semiclausum, aliyeletwa kutoka Taiwani, ambaye hutaga mayai ndani ya kiwavi wa nondo huyu. Alifanikiwa kujikita kwenye maeneo ya baridi. Nyigu huyo hutafuta kiwavi juu ya uso wa jani, na dawa inayoua kila kitu humwua yeye kwanza. Ukiona vifukofuko vidogo vya hudhurungi vyenye umbo la pipa ndani ya utando wa nondo, tulia siku chache kabla ya kupulizia. Huenda kazi inafanyika bila wewe.

Nyanya na kantangaze

Kantangaze, nondo anayeshambulia nyanya, alitoka Amerika Kusini, akaingia Hispania mwaka 2006, na kufikia 2014 alikuwa ameshaonekana Kenya na Tanzania. Huyu ni adui mgumu kwa sababu kiwavi wake huingia katikati ya jani na kula akiwa amejificha. Akishaingia, ngozi imekwisha kazi. Muda wa kumzuia ni zile siku chache tangu nondo atue mpaka kiwavi atoboe.

Nyanya mwitu za Peru na Ekwado, jamaa wa nyanya yetu, zina ngozi kali ajabu. Aina moja hutoa kupitia vinyweleo vyake gundi ya sukari iliyounganishwa na asidi za mafuta, ambayo hunasa inzi weupe na kuwakatisha tamaa wadudu wengine. Nyingine hubeba kemikali iitwayo tridekanoni, ambayo mwaka 1980 watafiti wa Marekani waliitangaza kuwa kiuatilifu cha asili. Martha Mutschler wa Chuo Kikuu cha Cornell alitumia miaka mingi kuhamisha ile gundi ya sukari kwenda kwenye nyanya za kulimwa. Ukisikia siku moja mbegu ya namna hiyo imefika kwetu, ifuatilie kwa makini.

Wakati tukisubiri, tuitunze ngozi tuliyo nayo. Vichwa vya vinyweleo vya nyanya hupasuka kwa kuguswa, kwa hiyo punguza kupita katikati ya mimea bila sababu. Panga kazi ya kufunga kamba na kupunguza machipukizi ifanyike kwa mkupuo mmoja badala ya kila siku. Usiifanye mimea ikiwa imelowa. Utaeneza na magonjwa. Nyanya iliyopandwa kwa kubanana, yenye kivuli ndani, huwa na majani laini na ngozi dhaifu, tena mayai hayaonekani. Tundika mitego ya harufu ya jike mapema, na siku madume yanapoanza kunaswa kwa wingi, geuza majani utafute mayai. Hapo ndipo kupulizia mwarobaini kuna maana, kwa sababu unabadilisha ladha ya uso wa jani kabla kiwavi hajatoboa. Jua huuvunja haraka, basi upulizie jioni, chini na juu ya jani, na urudie.

Kuna mmea wa kienyeji ambao ngozi yake inatufaa hapa: mgagani. Majani na mashina yake yana vinyweleo vya kunata vyenye harufu kali. Utafiti uliofanyika Kenya ulionyesha kwamba ukipandwa kati ya mawaridi hupunguza utitiri mwekundu, na kwamba harufu yake huwafukuza hata kupe. Mistari michache ya mgagani kandokando ya nyanya ni jaribio zuri, na mboga utaila. Tahadhari ni moja: mgagani ni jamaa wa mbali wa kabichi na una kemikali zilezile za haradali, kwa hiyo kwenye shamba la kabichi au sukuma unaweza kuwaalika kunguni wa kabichi na wale mbawakawa warukao. Uweke kwa nyanya zaidi kuliko kwa kabichi.

Pamba, dengu na mazao mengine

Mfano ulio wazi kabisa wa faida na hasara za ngozi ni pamba. Miaka ya 1920, huko Barberton, Afrika Kusini, pamba ilikuwa ikiangamizwa na chawajani, vile vidudu vya kijani vinavyotembea upandeupande na kufyonza majani mpaka yakunjike na kuwa mekundu. Mtafiti F. R. Parnell akachagua mimea yenye majani ya vinyweleo virefu na vingi, na katika kazi hiyo ikapatikana pamba iitwayo U4, iliyoenea sehemu nyingi za Afrika. Watafiti wa Ukiriguru, karibu na Mwanza, nao walizalisha pamba yenye vinyweleo kwa ajili ya adui huyohuyo. Chawajani hushindwa kufikisha mdomo na kutaga ndani ya mshipa wa jani lenye manyoya.

Lakini nondo wa funza wa vitumba hupenda kutaga kwenye uso wenye vinyweleo, kwa sababu mayai hushika vizuri, na inzi weupe nao hufurahia hifadhi hiyo. Mkulima wa pamba yenye manyoya amepata nafuu kwa chawajani na kuongezewa kazi ya kukagua mayai. Akilijua hilo, ataweka nguvu ya ukaguzi mahali pake: vilele vya mimea na vitumba vichanga.

Funza huyohuyo hushambulia dengu, zinazolimwa pia Shinyanga na Mwanza. Dengu zina kinga nyingine. Pitisha mkono kwenye majani yake asubuhi, utahisi unyevu unaonata na mchachu. Ni asidi ya maliki na ya oksaliki inayotoka kwenye vitezi. Nchini India watu walitandaza vitambaa juu ya dengu usiku kucha, asubuhi wakavikamua na kuitumia asidi hiyo kama siki. Asidi ya oksaliki hudumaza viwavi wa funza. Mvua na umwagiliaji wa kunyunyiza kwa juu huiosha, kwa hiyo mwenye kumwagilia dengu apeleke maji kwa mfereji au kwa matone ardhini, na baada ya mvua kubwa akague kwa siku kadhaa mfululizo, wakati kinga bado haijarudi.

Kwenye maharage, vinyweleo vina umbo la ndoano. Ndiyo sababu jani la maharage hung'ang'ania shati la mtoto. Katika nchi za Balkani watu walikuwa wakitandaza majani ya maharage sakafuni usiku ili yanase kunguni, na mwaka 2013 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ndoano hizo hutoboa miguu yao. Vidukari wachanga na vidudu warukao hunaswa vivyo hivyo shambani.

Kwa muhogo, tazama ncha. Aina zenye vilele vya manyoya huhifadhi utitiri mwema aitwaye Typhlodromalus aripo, aliyeletwa Afrika kutoka Brazili na kuanza kuachiwa Benin mwaka 1993. Huyo hukaa mchana ndani ya kilele na usiku hushuka kuwala utitiri wa kijani. Ukichagua vipando katika eneo linalosumbuliwa na utitiri huo, usipuuze kilele chenye manyoya.

Vitunguu vinafuata kanuni ya kabichi: majani yanayong'aa au ya wastani, yenye upungufu wa nta moja iitwayo hentriakontanoni, hupata thiripi wachache kuliko ya samawati yenye unga. Mkulima wa Mang'ola anayejaribu mbegu mpya aangalie rangi ya jani pamoja na ukubwa wa kitunguu.

Kuikomaza ngozi

Mche uliolelewa kivulini kwa maji mengi una ngozi nyembamba. Ukiutoa siku hiyo na kuupeleka shambani, jua litaunyausha na wadudu wataukuta laini. Kwa hiyo siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamisha, punguza maji hatua kwa hatua na uondoe kivuli: kwanza asubuhi tu, halafu mpaka alasiri, mwishowe siku nzima. Mche usinyauke kabisa. Unatakiwa uone kiu kidogo. Fanya jaribio la tone la maji kabla na baada, na kwenye miche ya kabichi utaona tofauti kwa macho. Jua kali na ukavu wa wastani huufanya mmea uweke nta zaidi. Kivuli na unyevu mwingi huipunguza.

Mbolea ya kukuzia ni mahali ambapo wengi huharibu kwa nia njema. Naitrojeni nyingi kwa mkupuo mmoja hutoa majani makubwa, laini, yenye utomvu mtamu, na vidukari na inzi weupe huzaliana humo kwa kasi. Gawa kiasi chako mara mbili au tatu. Jani lenye kijani cha wastani na ngozi ngumu litakupa mavuno salama kuliko lile linalopendeza macho kwa wiki mbili kisha likajaa ukungu mweusi kama masizi.

Kwa jamii ya nyasi, yaani mpunga, mahindi, mtama na miwa, kuna silika. Mimea hii huinyonya kutoka ardhini na kuiweka ndani ya ngozi ya jani na shina, ikayafanya kuwa makavu na ya kusaga meno ya kiwavi. Huko Afrika Kusini miwa iliyopewa silika ilipata uharibifu mdogo wa bungua kuliko isiyopewa. Chanzo cha bei nafuu kwetu ni majivu ya pumba za mpunga, ambazo hurundikana kwenye mashine za kukoboa Kyela, Morogoro au Mwea. Sehemu kubwa ya majivu hayo ni silika. Yachanganye na udongo kabla ya kupanda. Usiyachanganye na urea wala CAN, kwa kuwa majivu hufukuza naitrojeni ikapotea hewani.

Kupulizia bila kuivua ngozi

Jani lenye nta hukataa dawa kama linavyokataa maji. Matone hubingirika, na mkulima hulaumu dawa. Suluhisho la kawaida ni kuongeza sabuni ya maji, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu sabuni ikizidi huondoa nta yenyewe. Utakuwa umepata mpulizo mmoja mzuri na kuliacha jani uchi kwa wiki zinazofuata. Jani changa linalokua hujitengenezea nta upya kwa urahisi. Lililokomaa halifanyi hivyo vyema.

Fanya hivi. Chota mchanganyiko wako kwenye kikombe, chovya jani la kabichi, litoe. Maji yakijikusanya matone, ongeza sabuni ya maji kidogo sana kwenye bomba, koroga, ujaribu tena. Acha mara tu maji yanapotandaa. Tumia sabuni laini ya maji, wala si ya unga ya kufulia ambayo huunguza. Kisha pulizia mimea michache, subiri siku mbili, na uangalie kama kuna madoa ya kuungua kabla ya kumaliza shamba. Kama dawa imekuja na kigandishi chake ndani, yaani kitu cha kuifanya ishike jani, kama inavyoelezwa kwenye kibandiko, usiongeze kitu.

Bt inahitaji uangalifu wa pekee kwa kuwa lazima kiwavi aile. Ipulizie jioni, upande wa chini wa jani, viwavi wakiwa bado wadogo. Mafuta ya mwarobaini yanayotengenezwa nyumbani yasipigwe juani kwenye majani ya kabichi. Mafuta na jua pamoja huiyeyusha nta na kuunguza.

Vumbi nalo ni adui. Mimea iliyo kando ya barabara ya udongo huwa na utitiri mwingi, kwa sababu vumbi huwazuia wawindaji wao. Mstari wa mahindi au matete upande wa barabara huzuia sehemu kubwa. Kuhusu majivu ya jikoni juu ya mboga: yatumie sehemu chache zenye shida, yakiwa makavu na yaliyochekechwa, lakini si kila wiki shamba zima, kwa maana yale yale yanayomkera kidukari humkera nyigu anayemwinda.

Kutunza mbegu ya ngozi nzuri

Ukishapata mmea wenye ngozi inayomkataa adui wako, jua namna ya kuutunza. Maharage, dengu na nyanya hujichavusha vyenyewe kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo mbegu ya mmea mmoja bora hubeba tabia zake. Fanya hivyo kwa mbegu za kawaida, kama nyanya za Tanya au Tengeru 97. Mbegu chotara zikirudiwa hutawanyika, na vinyweleo ulivyovipenda vinaweza visirudi. Sukuma wiki huchavushwa na nyuki kutoka mashamba ya jirani, basi ikae kwenye machipukizi. Muhogo ni kipando.

Usichague mmea kwa sababu hauna wadudu siku moja. Huenda nondo hakuupitia tu. Weka alama kwa kamba za rangi, mmea mmojammoja, na uhesabu mara tatu: ukiwa mchanga, unapoanza kutoa maua, na karibu na mavuno. Uupime pia kwa mavuno na ladha, maana ngozi kali wakati mwingine huja na matunda madogo. Unaofaulu katika yote ndio uchukue mbegu zake, nyanya zikiwa zimeiva kabisa. Zichachushe siku mbili, zioshe, zikaushe kivulini, na juu ya bahasha uandike, pamoja na tarehe, ngozi uliyoiona na mdudu aliyeikataa.